Tumesimama Dirishani, Mtoto Yuko Ndani

Mpendwa Mama Achola,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinizoee, kwa sababu mimi si mtu wa kuomba, mimi ndiye huombwa, uliza steji yote ya bodaboda hapa Ekerenyo watakuambia Duke ni nani, nikiinama kwenye kona ile ya kuteremka mtoni hata mvua inanipisha, na kama ni barua nimeandika nyingi, za kuwatongozea wenzangu ambao mwandiko wao ni kama kuku amepita kwenye matope, ingawa shule niliiacha kidato cha pili, si kwa kukosa akili, akili ilikuwa nyingi mpaka ikawachosha walimu. Nakusoma kila wiki kwenye gazeti ambalo mama wa mandazi hutufungia, kwa hiyo mara nyingine jibu lako linaniishia katikati kwenye doa la mafuta, lakini nimeona unapenda kugombeza watu, na mimi sijagombezwa tangu mama yangu afariki, basi karibu.

Nasikia wewe ni mtu wa ziwani unayeishi hapo Kisii mjini, sasa nikikueleza mambo ya kwetu Wagusii usinicheke, na mimi sitasema chochote kuhusu samaki.

Boma letu limezungukwa na chai mpaka mlangoni, migomba nyuma, na ndani yake kuna nyumba tatu, ya baba yangu mzee Obwocha, ya kaka yangu Abner, na kibanda changu cha kijana ambaye hajaoa, ambacho ndicho kizuri kuliko zote kwa sababu nilikipaka rangi mwenyewe. Abner anafanya kazi kiwandani Athi River na hurudi mwaka ukiisha. Aliyebaki kwake ni mke wake, shemeji yangu Nyanchera, na binti yao Bonareri, ambaye ndiye mwenye barua hii ingawa hajui.

Bonareri ana miaka minne na hajawahi kukaa mwenyewe, alizaliwa bila kulia, hewa ikachelewa kufika kwenye ubongo, na daktari akasema ni mtindio wa ubongo, halafu kifafa kikaja juu yake kama mgeni asiyealikwa na akaamua kukaa. Kumeza hawezi, uji ukipita mdomoni unaenda kwenye mapafu, kwa hiyo ana mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni, na chakula chake chote kinapita hapo, uji wa wimbi uliochujwa mpaka uwe laini kama maziwa, unamwinua kichwa, kwanza unavuta kidogo na bomba la sindano kuona kama mpira bado uko tumboni, ndipo unamimina polepole, na ukimaliza unamshikilia akiwa ameinuka mpaka atulie, halafu kuna kohozi la kunyonya na kimpira, kuna dawa ya kifafa ya kusaga, kuna kumgeuza asipate vidonda, na ukimaliza yote hayo chakula kingine kimefika. Ndiyo siku yake, na kesho inafanana nayo.

Mimi najua kumlisha kuliko mtu yeyote katika kata hii, sijisifu, muuguzi mmoja wa Kisii alinitazama nikimlisha wodini akaniuliza nimesomea wapi, nikamwambia chuo kikuu cha Nyanchera. Nilianza kwa kushika bomba shemeji akichuja uji, na kwa kuwa mama yetu alishazikwa na hakuna mwanamke mwingine bomani, nikajikuta asubuhi nalisha ndipo niende steji, mchana narudi nalisha ndipo yeye aende kuchuma chai. Watu wa kanisa letu walikuja Sabato moja wakaimba nyimbo tamu sana, wakaomba, wakala ndizi, na hakuna hata mmoja aliyemshika mtoto, walimtazama kama mtu anavyotazama waya wa stima ulioanguka.

Sasa utauliza, na mzee je? Hapo ndipo shida yangu inapolala. Kwetu kuna kitu tunaita chinsoni, ni heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mtoto wake mkubwa, na kati ya mkwe na mkwe, na moja ya sheria zake ni kwamba baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Mimi kwa shemeji hainigusi, sisi ni wa rika moja tunataniana tu, na babu na mjukuu nao wanataniana vizuri, lakini mlango ule mzee havuki, hajauvuka tangu Abner aoe.

Kwa hiyo alichofanya ni hiki, alichukua kigoda chake akakiweka nje chini ya dirisha lililo karibu na kitanda cha Bonareri, na hapo ndipo anapokaa, jua lipige, baridi ipige, anamwita mjukuu wake "mke wangu", anamuuliza kupitia dirishani mbona leo amemnyima chai, mbona hapiki, au ana bwana mwingine mwenye meno, na Bonareri, Mama Achola, hasemi lolote lakini ana kicheko, kinatoka kama mlango wa kale unafunguliwa, na ni babu yake tu anayekitoa, mimi mwenyewe na utani wangu wote huambulia kamasi. Mzee anamjua mtoto huyo kwa masikio. Kifafa kikija yeye ndiye hukisikia kwanza, anagonga ukuta.

Siku mambo yalipoharibika nilikuwa nimebeba mteja mpaka Nyamira. Nyanchera alikuwa amekesha na kifafa cha mtoto kwa siku nyingi mfululizo, na mchana alikaa kwenye kiti karibu na kitanda akaanza kumlisha, na bomba likiwa mkononi usingizi ukamchukua, si ule wa kusinzia, ule wa kuanguka shimoni. Uji ukaingia kwa kasi, mtoto akatapika, akaanza kukabwa. Mzee akasikia. Akagonga ukuta, akaita jina la mkwe wake, akazunguka mpaka mlangoni, mlango uko wazi, na kutoka hapo anamwona mjukuu na anamwona mkwe wake amelala nguo imempanda magotini, kitu ambacho mkwe hapaswi kukiona, akageuza uso akaita Mama Ogeto, jirani yetu, ambaye alikuwa kwenye chai yake ng'ambo ya bonde, mbali.

Mimi nilikuwa narudi kutoka Nyamira, nikasikia sauti yake nikiwa barabarani, pikipiki niliiacha ikaanguka. Nikamkuta baba yangu amesimama mbele ya kizingiti, vidole vya miguu viko nje kabisa, ameegemea fremu ya mlango kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine ameinyoosha fimbo yake ndani ya nyumba, uso ameupeleka pembeni, anagonga kiti alichokalia Nyanchera, na hata hapo, Mama Achola, alikuwa amechagua, anagonga mguu wa kiti, si mguu wa mtu. Akaniambia, "Duke, ingia. Mimi siwezi."

Nikaingia. Bonareri alikuwa rangi ya majivu. Nikamlaza ubavu, nikanyonya, nikanyonya, akavuta hewa moja, halafu nyingine. Kwenye pikipiki nilimfunga Nyanchera, ambaye sasa alikuwa amezinduka, nyuma yangu kwa leso, mtoto katikati, na hiyo safari ya mpaka hospitali sitaisimulia kwa sababu hapo nisingekuwa najisifu.

Alilazwa kwa sababu uji uliingia kwenye mapafu, tukakaa Kisii wiki kadhaa, akarudi mwembamba, na kicheko hakijarudi.

Lakini maneno yalitangulia kufika nyumbani. Kwenye kituo cha kupimia majani chai watu wakaanza kuuliza kwa nini kila mara mtu anayejua kilicho ndani ya nyumba ya Abner ni mdogo wake, na kwa nini alimkuta mke wa mtu amelala mchana. Mtu akampigia Abner. Abner akanipigia, na hakuniuliza mtoto anaendeleaje, aliniambia hivi, "Mguu wako usikanyage nyumba yangu. Ukitaka mke, oa." Akakata. Nikimpigia hashiki. Akamwambia na Nyanchera kwamba akisikia nimeingia tena, yeye afungashe.

Sasa ukipita kwetu utaona kichekesho, tuko wanaume wawili chini ya dirisha moja, mzee kwenye kigoda chake, mimi kwenye debe langu, kama walinzi wa benki iliyofilisika. Uji nauchemsha kwangu, nauchuja, naupitisha dirishani. Dawa nasaga, napitisha dirishani. Na mzee simsemeshi. Tangu siku ile sijamwita tata, neno ambalo ndilo tunaita baba kwetu, namletea chakula naweka chini naondoka, kwa sababu kila nikimtazama naona ile fimbo, na najiuliza ni heshima gani hiyo ambayo mtoto anakufa hatua moja mbele yake na yeye anachunga vidole vyake vya miguu. Chakula hali vizuri, na hamtanii mtoto tena. Anakaa tu anasikiliza.

Nyanchera ndani yuko peke yake na kazi yote. Halali. Amejifunga kamba ya kitenge kutoka kwenye mkono wake mpaka mkono wa mtoto ili akisinzia mtoto akishtuka amvute. Chai imepita umri wa kuchumwa, nywele hasuki, na mimi nikimtania hanijibu. Juzi nilimpa uji dirishani akanishika kidole, akaniambia polepole, kama mtu anayekuagiza chumvi, "Duke, mara nyingine naona afadhali mimi na huyu tutangulie, tuwaache mpumzike." Nikamwambia shemeji, wewe utangulie wapi na hata nauli ya kwenda Kisii hukopeshwi. Nikacheka. Yeye hakucheka, akafunga pazia.

Mimi nimechoka kidogo tu, usijali, usingizi nimeuzoea, hata majuzi nilisinzia kwenye pikipiki nikiwa na mteja, mama mmoja na kuku wake, tukaingia kwenye shamba la chai taratibu kabisa, hata kuku hakushtuka, huo nao ni ufundi.

Swali langu ni hili, niambie bila kuzunguka. Nimtii kaka yangu nikae nje, au nivunje amri niingie nimlishe mtoto, na Abner amfukuze Nyanchera kwa sababu yangu? Maana nikiingia nitavunja nyumba, na nisipoingia naogopa siku moja tutasikia kimya kule ndani, na sisi wawili tuko dirishani.

Ni mimi Duke, fundi wa kona, Ekerenyo.

*

Duke mwanangu,

Nimekusoma mpaka mwisho, hakuna doa la mafuta lililonizuia. Umeanza na sifa zako, ukazipanga vizuri mbele kama mtu anayeanika nguo mpya, na maneno ya Nyanchera ukayaficha karibu na mwisho, kama mgonjwa anayeeleza kilichomleta akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango wa daktari. Mimi naanza na hayo, kwa sababu hayo ndiyo yaliyokufanya uandike.

Mwanamke akisema afadhali yeye na mtoto watangulie, huo si mzaha na wala si uchovu wa kawaida. Hupaswi kumjibu kwa nauli. Nenda leo, simama pale pale dirishani, umuulize waziwazi: Shemeji, unafikiria kufa? Unafikiria kumwondoa na mtoto? Usiogope kwamba utampa wazo, wazo tayari analo na limemchosha kulibeba peke yake. Akikujibu, sikiliza, usimwambie avumilie, amevumilia miaka minne na hakuna mtu aliyemwambia ahsante. Halafu ukusanye dawa ya kuogeshea ng'ombe na ya kunyunyizia mboga, yote iliyo bomani, na ile ya kifafa pia, ukaifungie mbali naye, uwe unaitoa ya kipimo tu. Kisha mpeleke hospitali, usingoje siku ya kliniki ya mtoto, na umwambie muuguzi maneno yake kama ulivyoniandikia mimi, bila kuyapaka sukari. Maumivu ya moyo ya mlezi yanatibiwa, kama mapafu ya Bonareri yalivyotibiwa. Mpaka afike huko, asibaki peke yake na mtoto. Mama Ogeto aliyeitwa kutoka ng'ambo ya bonde, aitwe tena, safari hii kabla ya ajali, na aingie akae naye, maana yeye ni mwanamke na hakuna aliyemfungia mlango.

Na jambo hili mwambie Nyanchera mara nyingi mpaka alisikie: hakulala kwa uzembe. Mwili wa binadamu una mwisho, na wake ulifika huko akiwa na bomba mkononi, yaani akiwa kazini.

Sasa njoo kwa baba yako. Umemhukumu, na barua yako inajua kwamba umekosea, ndiyo maana inamrudia kila mara. Unauliza ni heshima gani inayomsimamisha mtu mlangoni mtoto akikabwa. Mwanangu, wewe umesimama wapi leo? Baba yako alizuiwa na kitu alicholelewa nacho tangu aliponyolewa nywele za kwanza, wewe umezuiwa na simu ya dakika moja kutoka Athi River, na wote wawili baridi inayowapiga ni ile ile. Tena yeye hakunyamaza. Aligonga ukuta, aliita, alinyoosha fimbo, na alipokuona alisema neno ambalo baba hamwambii mwanawe kwa urahisi. Alisema hawezi. Ulilisikia kama kisingizio. Lisome tena.

Mimi ni mtu wa ziwani, ni kweli, na kwetu pia mkwe na mkwe hupishana njia, kwa hiyo sitakuambia chinsoni ni upuuzi. Wala sisemi hivyo ili nikupendeze, maana nasema pia: kama mtoto anakabwa na hakuna mwingine, mtu yeyote avuke mlango wowote, na mambo ya heshima yatatengenezwa baadaye na wazee, ndiyo kazi yao. Mwambie mzee hivyo, na mwambie amsikie mchungaji au mzee wa ukoo akilisema, ili siku nyingine asigeuze uso. Lakini nimeshangaa jambo moja. Mna akili nyingi bomani kwenu, wewe peke yako zilikuzidi mpaka walimu wakachoka, na hakuna aliyeona hili: mlango ule unamzuia mzee, na sasa unakuzuia wewe. Haumzuii Bonareri.

Mtoto si kabati, Duke. Anabebeka. Kwenu babu na mjukuu hawana haya baina yao, umeniambia mwenyewe, na nyumba ya babu ni ya mjukuu tangu zamani. Basi kila asubuhi Nyanchera amtoe mpaka uani, au Mama Ogeto amtoe, mkabidhiwe mtoto pale wazi mbele ya macho ya kila mtu, na aingie kwa babu yake. Nyumba hiyo wewe unaingia na mzee anaingia, na Abner hana amri huko, kwa kuwa si kwake. Mmlishie huko, mmgeuzie huko, kohozi mlinyonyee huko. Hakikisheni chumba hakina moshi wa jikoni, mapafu yake hayatausamehe. Siku ya hospitali mchukue mzee muende pamoja, muuguzi amwonyeshe kwa mikono yake namna ya kumwinua na namna ya kumlaza ubavu akitapika, na akuonyeshe na wewe tena, maana aliyekusifu wodini hakusema umemaliza kusoma. Na mtu mwenye usingizi asishike bomba, hata akiwa fundi.

Nyanchera kwa mkwe wake hataingia kuchunguza, kwa sababu ya heshima ile ile. Vizuri sana. Kwa mara ya kwanza desturi itamfungia nje mtu anayehitaji kufungiwa nje. Atarudi kwake, atafungua ile kamba mkononi, atalala.

Kuhusu Abner, wewe usimpigie tena, mna hasira za ndugu na simu haizibebi. Mzee ndiye apige. Amwambie mwanawe mambo mawili tu: kwamba siku ile Duke aliingia kwa sababu baba yake alimwamuru aingie, na kwamba mke wake anataka kufa. Asiongeze wala asipunguze. Kama baada ya hapo Abner bado anauliza habari za kituo cha majani chai, basi mzee amwite nyumbani kwa sauti ya baba, na aje. Kutuma salamu si kulea. Mwanamume anayelinda heshima ya nyumba kutoka mbali anatakiwa aijue harufu ya nyumba hiyo usiku wa kifafa.

Wale wa kanisa wenye nyimbo tamu, mfuate mama mmoja tu kati yao, yule aliyeimba kwa sauti ndogo, umwombe aje siku ya kazi, si Sabato, na umpe mtoto mikononi kabla hajaanza kuomba.

Na wewe. Kijana aliyesinzia na mteja akaingia kwenye chai ya watu si fundi, ni mlezi wa pili anayeanguka, na safari ijayo si lazima iwe chai, inaweza kuwa lori. Pikipiki ipumzike siku ambazo hujalala. Mzaha wako sikunyimi, ni mzuri, nimecheka kwenye samaki. Ila nimeona unautumia kama mzee anavyotumia ile fimbo, kugusia jambo kutoka mbali bila kuvuka. Mbele ya Nyanchera, vuka.

Jioni hii beba kigoda cha baba yako mwenyewe, kitoe chini ya dirisha, ukirudishe ndani kwake, umwite tata, umwambie mjukuu wake anakuja kukaa naye. Yeye atajua la kumwambia mtoto, alikuwa analijua hata kabla yako. Kile kicheko kinaweza kisirudi leo, kinaweza kisirudi mwezi huu, msimdai.

Na mtoto akishaingia kwa babu yake, lifunge lile dirisha kutoka nje. Nyanchera amelala, na kuna baridi.

Achola.